Bahari ya Unyamwezi

Mwaka 1856 ilichapishwa huko Ulaya ramani ya wamisionari wawili waliokuwa wakiishi pwani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Ziwa lolote la bara walikuwa hawajaliona. Walichora waliyoyasikia kwa wafanyabiashara wa Tanga na Mombasa waliopanda na kushuka na misafara, na kwa kuwa karibu kila aliyeulizwa alisema kwamba mwisho wa njia yake kuna maji makubwa, wakayaunganisha ya Ujiji (Tanganyika), ya Nyasa na ya Ukerewe (Victoria) yakawa maji mamoja. Ikatokea bahari moja pana katikati ya bara, imelala kama koa, wakaiita Bahari ya Uniamesi, yaani ya Unyamwezi. Mwaka uliofuata wasafiri Burton na Speke walitoka Kaole, wakaenda siku 134 mpaka Kazeh, ambayo leo ni Tabora, na bahari hawakuiona. Walikuta nchi kavu ya majabali na miombo, na maji yenyewe yalikuwa bado mbali, upande wa magharibi, yakiwa ziwa na si bahari.

Nimeikumbuka ramani hiyo kwa sababu jambo la leo ni bahari ndani ya nyumba. Nazungumzia tangi la kioo lililojazwa maji ya chumvi, lenye matumbawe hai yanayopepea na vitatange wakipita katikati yake, kama tunavyoyaona kwenye picha na video zinazozunguka katika simu. Ni kitu kizuri, na mtu wa Tabora ana haki ya kukitamani sawa na mtu wa Oysterbay. Lakini hoja yangu ni kwamba anayeishi Tabora, Urambo, Kaliua au Nzega, akitaka mwamba wenye uhai nyumbani kwake, asipeleke macho Bagamoyo. Atazame Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Mwisho wa njia ile ile ya misafara kuna maji yanayompa karibu yote anayoyatafuta baharini, kwa gharama anayoweza kuibeba, na kwa madhara madogo zaidi kwa viumbe. Nitaeleza kwa nini, na nitawajibu wanaoona vingine.

Tuanze na tumbawe lenyewe, maana wengi hulidhania kuwa jiwe au mmea. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo sana, laini, waliojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa mwani usioonekana kwa macho, na mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo anayefuga matumbawe anafuga vitu viwili kwa pamoja: mnyama anayetaka maji yasiyobadilika, na mmea unaotaka mwanga mkali kwa saa nyingi kila siku. Maji yakipata joto kupita kiasi, hata nyuzi mbili au tatu tu juu ya kiwango alichozoea, mnyama humfukuza yule mwani, hupauka, na njaa ikidumu hufa. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, magharibi ya Bahari ya Hindi ilipopata joto la El Niño, na miamba mingi kuanzia Kenya, Mafia hadi Shelisheli ikageuka myeupe. Kama bahari nzima ilishindwa kuyakinga matumbawe yake na nyuzi chache za joto, tangi la lita 200 sebuleni, mwezi wa Oktoba, Tabora, jua likichoma bati tangu saa tatu asubuhi, lina kazi kubwa mbele yake.

Kisha kuna maji. Maji ya bahari hubeba kama gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo tangi la lita 200 linahitaji kilo saba za chumvi kwa kuanzia, na nyingine kila unapobadilisha maji. Hapo mtu wa magharibi ya nchi atasema: chumvi tunayo, Uvinza ni jirani. Ni kweli, na Uvinza ni ya kujivunia. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 1968 kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za pale, karibu na mito Ruchugi na Malagarasi inapokutana, kwa zaidi ya miaka elfu moja. Misafara ilipita pale ikinunua chumvi, na chumvi hiyo ilifika mbali kuliko walikowahi kufika watu wengi. Lakini chumvi ya chakula, iwe ya Uvinza au ya mashamba ya chumvi ya pwani, haiwezi kuwa bahari tena. Katika chumvi zote zilizoyeyuka baharini, zile mbili zinazofanya chumvi ya mezani, sodiamu na kloridi, ni kama asilimia 85. Asilimia 15 iliyobaki ni salfeti, magnesi, kalsi, potasi na vingine, na ndiyo tumbawe linayojengea nyumba na kuendeshea mwili. Hata chumvi iliyokaushwa kwa jua pwani inakuwa imepoteza hayo: chokaa hutangulia kutuama kabla chumvi haijaganda, na maji machungu yenye magnesi humwagwa mwishoni ili chumvi itoke nyeupe. Ukiiyeyusha tena utapata maji ya chumvi, na tumbawe litakufa ndani yake. Inabidi kununua chumvi maalumu iliyochanganywa kiwandani, inayotoka ng'ambo, na kuendelea kuinunua muda wote tangi litakapokuwa hai.

Au kuyabeba maji yenyewe kutoka pwani. Lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 205. Mpagazi wa zamani alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32, kwa hiyo tangi moja lingetaka wapagazi saba kwa miezi kadhaa ya njia, na maji yangefika yameoza. Leo kuna lori na kuna reli, lakini ni zaidi ya kilomita 800, na tangi la mwamba hutaka sehemu ya maji yake ibadilishwe kila baada ya wiki moja au mbili. Tukiangalia vitu vya baharini vilivyowahi kufika Tabora na vikadumu, tunaona kauri, shanga zilizoshushwa na majahazi, na yale mabamba meupe ya kombe ambayo watemi wa Unyamwezi waliyavaa kuwa alama ya utawala. Vyote ni vikavu. Njia ile ilijua inachoweza kubeba.

Jambo la tatu ni la hewa na mvuke, na naomba tulikalie kidogo kwa sababu ndilo linaloua matangi mengi bila mwenyewe kujua sababu. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi kuliko pwani. Maji yakiwa na chumvi ya kiwango cha bahari, oksijeni hupungua tena kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na maji baridi. Yakipata joto, hupungua zaidi. Mwamba sebuleni Tabora unapunguziwa hewa mara tatu, na kinachouokoa ni pampu inayozungusha maji usiku na mchana. Umeme ukikatika saa sita usiku na kurudi alfajiri, viumbe wa pale ndani wamekuwa wakikosa pumzi saa zote hizo. Betri na inveta vinasaidia, hilo sikatai, ila viingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Mvuke nao una hesabu yake. Kiangazi cha Tabora ni kikavu, na tangi lililo wazi linapoteza maji kila siku. Tuseme lita tatu kwa siku. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Usipoongeza maji baridi kwa wiki moja, lita 200 zimekuwa 179, na gramu 35 kwa lita zimekuwa 39. Ndani ya siku saba bahari ya Hindi imegeuka kuwa Bahari ya Shamu. Matumbawe ya Bahari ya Shamu yamezoea ukali huo kwa vizazi visivyohesabika. Yako yamepewa wiki moja. Mwenye tangi akisafiri kwenda msibani Sikonge na kurudi baada ya siku kumi, anaweza kukuta maji maangavu kabisa na kila kitu ndani yake kimekufa.

Sasa wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya kukatisha tamaa, kwa sababu watu wanafuga matumbawe mbali na bahari duniani kote. Wana ushahidi mzuri. Pale Arnhem, Uholanzi, katika bustani ya wanyama ya Burgers' Zoo, kuna mwamba hai wa matumbawe katika hodhi la mamia ya maelfu ya lita, na maji yake ya chumvi yanatengenezwa hapo hapo. Kwa hiyo suala la kuwezekana limekwisha: inawezekana. Lakini tuangalie kinachofanya iwezekane. Kuna wataalamu walioajiriwa kwa kazi hiyo, kuna vipimo vya kila wakati na umeme usioyumba, na zaidi ya yote kuna maji mengi sana. Maji mengi hubadilika polepole. Maji machache hubadilika upesi. Ndiyo maana tangi dogo la mwamba ni gumu kuliko kubwa, kinyume na anavyodhani anayeanza, ambaye hununua dogo ili ajifunze kwanza. Mtu wa Tabora mwenye fedha, mwenye sola ya kutosha na mwenye moyo wa kupima maji kila asubuhi anaweza kufaulu. Simzuii. Nasema tu kwamba ushauri wa jumla hautolewi kwa kumtazama mtu huyo peke yake.

Na hata yeye ana swali la kujibu: matumbawe na samaki wametoka wapi? Samaki wengi wa mapambo wa maji baridi wanaouzwa duniani wamezaliwa katika mabwawa na matangi ya wafugaji, lakini wale wa baharini wengi wao bado huvuliwa mwambani. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Sisi wenyewe tuna hifadhi ya bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na Chumbe kule Zanzibar, kwa sababu miamba yetu imekwisha kupigwa na mengi: baruti za wavuvi, matanuri ya chokaa, kisha joto. Kuvunja tawi la tumbawe hai na kulisafirisha likafie bara, ili chumba kipendeze kwa miezi minne, ni jambo baya. Nalisema hivyo bila kulipamba.

Basi tugeuke magharibi. Waliofika Ujiji kutoka pwani waliona mawimbi, waliona maji yasiyo na ng'ambo siku ya ukungu, na Speke aliokota makome ya konokono ufukweni mwaka 1858 akayapeleka Uingereza. Wataalamu walipoyatazama walishangaa, kwa sababu mengine yalikuwa mazito na yenye miiba na mapambo kama ya konokono wa baharini. Mwaka 1883 Richard Böhm, Mjerumani aliyekuwa na kituo chake Unyamwezi, kusini mwa Tabora, akaona konyeza ziwani, yule mnyama wa ute aliye kama mwavuli, ambaye watu wa pwani humkwepa wanapooga. Mwingereza J. E. S. Moore akakusanya hayo yote, akafanya safari mbili, na mwaka 1903 akatoa kitabu akidai kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki kimefungiwa bara. Ile Bahari ya Unyamwezi ilikuwa imerudi kwa mlango wa sayansi.

Moore alikosea. Safari ya W. A. Cunnington ya mwaka 1904 na 1905 haikupata ushahidi wa kumuunga mkono, na leo inafahamika kwamba ziwa lilitokana na ardhi kupasuka katika Bonde la Ufa, kiasi cha miaka milioni tisa hadi kumi na mbili iliyopita, likajaa maji ya mvua na mito. Lakini kosa lake lina maana kubwa kwa mazungumzo yetu. Makome yale yamekuwa mazito kwa sababu ziwani kuna kaa na samaki wanaoyavunja, na konokono wakajiimarisha kizazi baada ya kizazi, kama walivyofanya wenzao baharini. Ziwa lilikuwa na muda mrefu, vina vya mita 1,470, na fukwe za majabali zilizotengana kwa michanga, likazaa maisha yanayofanana na ya mwamba wa bahari bila kuwa bahari. Lina aina kama 240 za samaki wa jamii ya sato na perege, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Anayetaka msongamano wa rangi, mapango, mipaka inayolindwa na majirani wanaogombana ataupata hapo.

Na maji yake yanaeleweka zaidi ukikumbuka ule mvuke wa sebuleni. Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoka, Lukuga upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke. Madini yanabaki. Ziwa lenyewe ni tangi ambalo limekuwa likikauka na kuongezwa maji kwa mamilioni ya miaka, ndiyo sababu maji yake ni mazito kwa magnesi na bikaboneti, na pH yake ni kama 8.6 hadi 9, juu hata ya ile ya bahari, iliyo kama 8.1. Chumvi yake yote kwa ujumla haifiki gramu moja kwa lita. Mvuke ukikupokonya lita 21 kwa wiki, samaki wa Tanganyika hatajali, maana hilo ndilo alilozaliwa nalo. Kosa linaloua mwamba wa bahari, kwake ni siku ya kawaida.

Pingamizi kubwa najua ni la uzuri. Watasema hakuna samaki wa ziwani anayemfikia kitatange kwa rangi, na hakuna cha kulinganisha na tumbawe linapofunguka chini ya taa ya buluu. Kwa rangi tupu nawapa haki, ingawa dume la Cyprichromis akitandaza mapezi yake wanaweza kubadili mawazo. Lakini tangi unaishi nalo miaka, na rangi jicho huizoea. Usichokizoea ni tabia. Kuna samaki wadogo wa Tanganyika, kama Lamprologus ocellatus, wasiozidi urefu wa kidole, ambao nyumba yao ni kome tupu la konokono. Hulichimbia mchangani, huligeuza mdomo upande wanaoutaka, hutagia humo, na vifaranga wakitoka huchezacheza mlangoni na kuingia ndani kivuli kikipita. Kuna Julidochromis, mume na mke wanaolinda mwanya mmoja wa jiwe. Kuna Tropheus, ambao mama hukaa na mayai na watoto mdomoni kwa wiki nne hivi. Haya yote unayaona sebuleni, na watoto wa nyumba huyaona, kwa sababu samaki hawa huzaana kwenye tangi bila kubembelezwa. Wale wa mwamba wa bahari, walio wengi, utawalisha mpaka wafe na hutaona yai.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu. Kama kuvua vitatange ni vibaya, kuvua samaki wa Kigoma kumekuwaje vizuri? Hakujawa vizuri kwa jumla. Tropheus hawavuki michanga wala vina, kwa hiyo karibu kila ufukwe wa mawe una ukoo wake wenye rangi yake, na ukoo unaokaa kilomita chache tu unaweza kumalizwa na wanunuzi wachache wenye tamaa. Ndiyo maana ushauri wangu una masharti. Nunua waliozaliwa kwenye matangi, au kwa mwenye leseni anayeweza kukuambia wametoka ufukwe gani. Usichanganye koo mbili za Tropheus, maana watazaana na utapata samaki asiye na kwao. Maji ya kando ya hifadhi za Gombe na Mahale yaachwe. Mahale ina ukanda wake wa maji uliohifadhiwa ndani ya hifadhi. Na tofauti inabaki hii: jozi tatu za samaki wa ziwani waliotunzwa vizuri zitakupa vizazi vya kuwagawia majirani, na hakuna atakayerudi ziwani kuvua wengine.

Lakini wakizidi, usiwamwage. Si bwawa la Igombe, si mto wowote unaoteremka Malagarasi. Nchi hii haihitaji kukumbushwa yaliyotokea Victoria baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, wakapotea furu wa aina nyingi sana ambao hatutawaona tena. Samaki aliyezidi apewe mwingine, shule, au mtu mwenye tangi.

Kuhusu kuliandaa, nitasema yale tu yanayoihusu Tabora. Fundi vioo anaweza kujenga tangi la mita moja kwa sentimita 50 kwa 40 kwa silikoni, lakini aulizwe silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Likijaa maji na mawe litafika kilo 300, basi meza iwe imara na sakafu isiwe ya kutikisika. Mawe yapo yamejaa: majabali ya graniti ya Unyanyembe hayatoi kitu chochote majini, na ukiyasugua na kuyachemsha yanafaa kabisa. Yakae juu ya kioo cha chini kwanza, yakiwa yamelazwa juu ya sponji nyembamba, ndipo mchanga wa mto uliooshwa umwagwe kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba chini yake na jiwe litashuka juu ya kioo.

Maji ya bomba ya Tabora, yawe ya bwawa la Igombe au yale yaliyoletwa kutoka Ziwa Victoria, yaachwe kwanza yapumue siku moja au mbili yakizungushwa na pampu ili klorini iondoke. Maji ya Victoria ni laini sana. Madini yaliyoyeyuka katika Tanganyika ni kama mara tano au sita zaidi. Kwa hiyo yaongezewe nguvu kidogo kidogo kwa bikaboneti ya soda, ile ya dukani ya kuumulia, na chumvi ya magnesi inayouzwa maduka ya dawa, ukipima pH kila unapoongeza. Magadi ya mawe yasitumike. Yanapandisha pH kwa kishindo na hayana kipimo cha kutegemewa. Makome matupu ukikosa ya ziwani, ya konokono wa kawaida wa mabwawani yanafaa, yakichemshwa.

Hapo ndipo subira inapotakiwa. Uchafu wa samaki hutoa amonia, na katika maji yenye pH ya Tanganyika amonia ni kali kuliko katika maji ya kawaida. Bakteria wanaoivunja, kwanza kuwa naitraiti kisha kuwa naitreti, huchukua wiki nne hadi sita kuota kwenye mawe na kwenye sponji ya chujio. Tia punje mbili tatu za chakula kila siku kwenye tangi lisilo na samaki, pima, ngoja. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri, ingiza kundi dogo la samaki wa makome upande mmoja na jozi ya Julidochromis upande wa mawe, na uishie hapo kwa mwaka wa kwanza. Tropheus wanataka tangi refu zaidi, kundi la kumi na tano au zaidi, na chakula cha mwani kisicho na nyama nyingi, la sivyo matumbo yao huvimba na kufa. Si samaki wa kuanzia, hata kama ndio wanaokuvutia.

Limebaki la mwisho, na linatoka kwa watu wenye busara: kwa nini kujaza maji kwenye kioo mahali ambapo kina mama wamebeba ndoo miaka yote? Swali hili ni la haki, na ndilo linalomaliza ubishi kati ya bahari na ziwa. Tangi la mwamba likibadilishwa lita 30 kwa wiki, lita hizo ni chumvi. Ukizimwaga kwenye mchicha umeua mchicha, na ukizimwaga uani mwaka mzima umeiharibu ardhi. Maji ya tangi la Tanganyika hayana chumvi ya kuogopesha, na yana naitreti, ambayo ndiyo mbolea. Kwa kuwa yana soda kidogo, yazungushwe kitalu hadi kitalu badala ya kumwagwa shimo moja kila wiki, na yatanywesha mchicha, matembele na miche ya miembe. Ndoo haijapotea. Imepita kwa samaki kwanza.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kati ya miji hiyo miwili ni kilomita kama 400, safari ambayo samaki aliyefungwa vizuri kwenye mfuko wenye oksijeni anaimudu. Nawaomba walimu wa sayansi wa shule za Tabora walifikirie jambo hili kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa maana tangi moja darasani litafundisha kemia ya maji, mabadiliko ya viumbe na jiografia ya njia ya misafara kwa pamoja. Na wewe utakayeanza mwezi huu, weka mawe, jaza maji, washa pampu, na usinunue samaki hata mmoja kabla ya wiki sita.